Ukimpeleka mtoto kijijini, usimwache uani

Likizo ya Juni iliyopita nilikwenda Ulemo, wilayani Iramba, mkoani Singida, kumwona bibi yangu mzaa baba. Nilifuatana na mtoto wa dada yangu, mvulana wa miaka tisa, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye huniita mama mdogo.

Hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kufika. Alishapelekwa mara mbili, na kila mara alirudi mjini akiwa anajua kitu kimoja tu cha Ulemo, nacho ni uwa wa bibi. Asubuhi aliamka, akanywa chai, akakaa kwenye kigoda chini ya mti na simu ya mama yake. Chaji ikiisha analalamika, ikijaa ananyamaza. Sisi wakubwa tulikuwa tukisema, "Mtoto katulia, hana shida."

Safari hii dada alinikabidhi na ombi. Miezi miwili kabla, kliniki walimpima mtoto wakamwambia uzito umezidi ukilinganisha na urefu na umri wake. Dada aliogopa kuliko walivyotarajia. Baba yetu alifariki kwa kiharusi akiwa hajafikisha miaka 55, baada ya kuishi na presha kwa muda mrefu bila kumeza dawa ipasavyo. Mtoto huyu ndiye aliyepewa jina lake.

"Mtembeze," dada aliniambia kituoni. "Lakini usimwambie kwa nini."

Mzazi mwenzangu (nami najihesabu humo, maana mama mdogo naye ni mama), makala ya leo ni ya matembezi hayo. Ndani yake yamo mambo ya afya unayoweza kuyatumia popote kwenu kulipo, na limo pia kosa nililolifanya mwenyewe.

Wenzetu wanalipia, sisi tunapita

Rafiki niliyesoma naye chuo alipata nafasi ya kwenda Ufaransa, akanitumia picha akiwa juu ya baiskeli katikati ya mashamba ya mizabibu ya Saint-Émilion. Ni mji mdogo wa mawe, wa enzi za kati, ambao pamoja na mashamba yake uliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1999. Watu hutoka mbali, wakakodi baiskeli, wakazunguka kutwa nzima kutazama majumba ya kale na mizabibu.

Nilikumbuka picha hizo treni ya mwendokasi ilipotufikisha Dodoma. Sisi nasi tunayo nchi ya mvinyo, na ndiyo hiyo. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wengi wetu tunaoishi Dar tunapita hapo tukiwa tumelala kwenye kiti, kisha tunafika kijijini kwetu na kukaa uani.

Kutoka Dodoma tulipanda basi hadi Singida mjini, tukalala, kesho yake tukachukua basi la kuelekea Nzega. Unapita Iguguno, kisha unashuka Misigiri, kwenye njia panda ya kwenda Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Baba mdogo alitupokea kwa baiskeli yake ya Phoenix, akafunga mabegi yetu kwenye keria, sisi tukafuata kwa miguu.

Mtoto aliuliza mara tatu kama bodaboda hazipo.

Siku ya kwanza: dakika 15

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 washughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, kwa kiwango cha kuwafanya wahemee, na angalau mara tatu kwa wiki zitokee shughuli za nguvu zinazoimarisha misuli na mifupa, kama kukimbia na kuruka. Wenye mwaka mmoja hadi minne wanahitaji dakika 180 za kucheza na kujongea, zikigawanywa kutwa nzima. Si lazima iwe michezo ya uwanjani. Kutembea kwa haraka, kupanda kilima, kuteka maji na kuruka kamba vyote vinahesabika.

Nilikuwa na hesabu hiyo kichwani tulipotoka na bibi jioni ya kwanza. Dakika 15 baadaye mtoto aliketi juu ya jiwe akasema miguu inamuuma.

Nilitaka kumhimiza. Bibi alinitangulia. Aligeukia nyumba iliyokuwa jirani, akabisha hodi, akaanza kusalimia. Ukiwajua wazee wa kwetu unajua salamu hiyo haiishi kwa "shikamoo, marahaba." Waliulizana kwa Kinyiramba habari za watoto, za ng'ombe, za alizeti iliyovunwa, za jirani anayeumwa. Mtoto akapewa karanga za kuchemsha. Dakika 10 zilipopita bibi aliaga, tukaendelea, na mtoto alinyanyuka bila kuambiwa.

Tulikwenda hivyo nyumba hadi nyumba. Tulitoka saa 10 na nusu, tukarudi giza likiingia. Niliposhika saa yangu, muda wa kutembea peke yake ulikuwa umefika dakika 50. Mtoto hakujua.

Hapo nilijifunza jambo ambalo sikulisikia darasani. Mtoto asiyezoea anaweza kwenda umbali mrefu iwapo njia imekatwakatwa vipande, na kila kipande kina mtu au kitu mwishoni. Ukimwonyesha kilima cha mbali ukamwambia "tunakwenda kule," amechoka kabla hajaanza. Ukimwambia "twende tukamsalimie mama yule mwenye mbuzi," anakwenda.

Jambo la pili ni lile alilosema dada. Usimwambie mtoto unamtembeza ili apungue. Mtoto anayeitwa mnene mbele ya watu hujificha, na mtoto anayejificha hatembei. Kwa umri huo, mara nyingi lengo huwa si kupunguza kilo. Lengo ni mwili ushughulike, soda na vitafunwa vya kukaanga vipungue, naye aendelee kurefuka. Kama kliniki imekupa ushauri wa pekee, fuata huo.

Siku ya pili: kosa langu

Asubuhi ya pili tuliazima baiskeli ya jirani. Mimi niliendesha hiyo, baba mdogo akachukua Phoenix yake, mtoto akapanda kwenye keria nyuma yake. Tulikusudia kufuata njia ya vumbi katikati ya mashamba, mbali na barabara kuu, tukatazame alizeti na vitunguu, turudi kabla ya jua kali.

Mwezi Juni alizeti nyingi huwa imekomaa. Haitazami jua tena, vichwa vimeinama na kukauka, na watu wanavikata na kuvipiga kwa fimbo juu ya turubai. Mtoto ambaye kila siku anakula chakula kilichopikwa kwa mafuta ya alizeti hakuwa amewahi kuiona mbegu yake. Alishuka, akashika fimbo, akapiga mpaka jasho likamtoka. Mwenye shamba alicheka akamwambia arudi kesho, kibarua kipo.

Tulipokuwa tunarudi kwenye mteremko mdogo, nilisikia ukelele. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeingia kwenye gurudumu la nyuma, katikati ya spoku na fremu. Baba mdogo alishika breki papo hapo. Kiatu kilichanika, na ngozi ya kifundo ilichubuka kiasi cha sarafu ya shilingi mia mbili. Mfupa ulikuwa salama. Angekuwa na kandambili, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Mimi ni mwandishi wa afya. Nimewahi kukaa wodini na mama ambaye mwanawe aliumia hivyohivyo. Nilijua kwamba mtoto anayebebwa kwenye keria hana pa kuweka miguu, kwamba akichoka au akisinzia miguu hulegea ikaingia ndani, na kwamba gurudumu linalozunguka linaweza kuchuna kisigino au kuvunja kifundo. Nilijua, na bado nilimpandisha, kwa sababu kijijini kila mtu hubeba hivyo.

Kwa hiyo, mzazi, kabla hujampandisha mtoto kwenye keria:

Hakikisha baiskeli ina vyuma vya kukanyagia pande zote mbili, na gurudumu limezibwa kwa kava, turubai gumu au hata wavu uliofungwa imara mpaka mguu usiweze kupita.

Mvishe viatu vilivyofungwa, si kandambili. Khanga na mikanda isining'inie.

Kama ipo kofia ngumu ya kumtosha, avae. Breki zijaribiwe mkiwa bado mmesimama.

Kama huwezi kutimiza hayo, mtoto atembee na mkubwa akokote baiskeli. Sisi ndivyo tulivyomalizia safari yetu.

Bibi alikiosha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika kadhaa, bila kuweka majivu, dawa ya meno wala mafuta ya breki. Tulikifunika kwa kitambaa safi. Nilimpeleka kwenye huduma ya afya aangaliwe mfupa na aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda, maana jeraha lililoingia vumbi na udongo si la kupuuza hata likiwa dogo. Ukisafiri na mtoto, beba kadi yake ya kliniki. Mimi niliibeba, na ndilo jambo moja nililofanya sawasawa siku hiyo.

Jioni nilimpigia dada. Nilishawishika kunyamaza hadi kidonda kipone. Nikafikiri, akija kusikia kutoka kwa mtoto mwenyewe hatanipa tena mtoto huyu, na atakuwa na haki. Nilimweleza yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mrudishe."

Bibi aliomba simu. Sikusikia alichoambiwa, nilisikia alichojibu. "Mjukuu wangu, kaumia mguu, hajaumia hamu. Mwache siku hizi zilizobaki. Kuna mahali nataka nimfikishe, na mimi sina Juni nyingi."

Siku ya tatu na ya nne: kupumzika, kisha Sekenke

Siku ya tatu hatukwenda popote. Tulikaa na bibi tukichambua mbegu, na mtoto akajifunza kupika mlenda. Alikula na ugali wa mtama mara mbili. Mwanzo alisema unateleza.

Hapa niseme jambo la asali, kwa kuwa Singida inasifika kwa asali na wageni hurudi nayo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba, hata iwe safi namna gani. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana navyo, vikatoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Akishavuka mwaka mmoja, hana shida hiyo.

Na maji. Maji ya kunywa tuliyachemsha hadi yakatokota, kama inavyopasa. Lakini Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo baadhi ya visima vyake vina madini mengi ya floraidi. Hayo ndiyo yanayotia meno madoa ya kahawia, na yakizidi kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Kuchemsha hakuyaondoi. Mtoto aliyekuja likizo ya wiki moja hana cha kuhofia. Anayehitaji kuangaliwa ni mtoto anayekulia hapo, hasa chini ya miaka minane, wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka. Kama unamlea mtoto kijijini au umemwacha kwa bibi yake, uliza mamlaka ya maji au afisa afya kisima gani kimepimwa na kinafaa kwa kunywa, na maji ya mvua yakingeni kila yanapopatikana.

Siku ya nne tulipanda basi hadi Sekenke, ili mguu upumzike lakini macho yatembee. Hapo ndipo uwanda wa juu wa Iramba unapokatika na barabara inashuka kwa kona nyingi kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Chini yake mbuga ya Wembere imetandaa, nyeupe kwa ukavu wa Juni. Maji yake ya masika huelekea Ziwa Kitangiri, na kutoka hapo Mto Sibiti huyachukua hadi Ziwa Eyasi. Mtoto aliyaona kwa mara ya kwanza yale aliyoyachora kwenye daftari la maarifa ya jamii.

Nilimsimulia pia kuhusu dhahabu. Mgodi wa Sekenke ulifunguliwa enzi za Wajerumani, mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia njia ya kupata fedha kutoka kwao, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora, mwaka 1916, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Upande mmoja wa sarafu hiyo kuna tembo. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani huitafuta kwa bei kubwa. Mtoto alitembea akitazama chini njia nzima.

Nilimwacha atazame, ila nilimwekea mpaka. Maeneo ya wachimbaji wadogo si mahali pa watoto kucheza. Kuna mashimo yasiyo na uzio, na kuna zebaki inayotumika kunasia dhahabu. Zebaki hung'aa na kubingirika, mtoto huiona ni kitu cha kuchezea, lakini mvuke wake ukivutwa hudhuru ubongo na figo, na ubongo wa mtoto bado unakua. Asiiguse, na asisimame karibu na mtu anayeichoma.

Sheria nyingine ilikuwa ya barabarani. Barabara ile hupitisha malori mazito yanayokwenda Mwanza na nchi jirani. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, mtembea kwa miguu atembee upande wa kulia, akiyatazama yanayomjia, mtoto akiwa upande wa ndani, mbali na lami. Na baiskeli yenye mtoto haina kazi kwenye barabara kuu.

Siku ya tano: mahame

Kijiji unachokiona leo kandokando ya barabara si pale wazee walipozaliwa. Mwishoni mwa mwaka 1973 serikali ilitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na ukomo wake ni mwaka 1976. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila ukoo kwenye shamba na malisho yake, zilihamishwa na kuwekwa pamoja. Bibi alihama mwaka 1974. Huko walikotoka panaitwa mahame, na hapo ndipo alipotaka kutufikisha.

Tulitoka saa 12 na nusu asubuhi. Juni Iramba ni baridi na upepo, hivyo tulivaa masweta. Kila mtu alibeba maji yake. Kidonda kilikuwa kimekauka, tukakifunga vizuri ndani ya soksi. Bibi mbele, mtoto nyuma yake, mimi na baba mdogo tukafuata.

Kama mtoto wako ana selimundu, safari ya namna hii inahitaji ushauri wa daktari kwanza, kwa sababu baridi, uchovu na upungufu wa maji mwilini vinaweza kumwamshia maumivu makali. Mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni mwake, isiachwe kwenye begi nyumbani, kwani vumbi la kiangazi ni jingi. Na wote mpige hatua nzito mnapopita kwenye nyasi. Mtu akiumwa na nyoka, msimchanje, msinyonye sumu, msimfunge kamba kwa kukaza. Atulie, kiungo kisijongeshwe, awahishwe hospitali.

Bibi hakuwa na ramani. Kulikuwa na mkuyu, tukakata kushoto. Kulikuwa na mwamba uliopasuka katikati, tukapita nyuma yake. Mkondo mkavu wa maji, tukauvuka. Kila alama alimwambia mtoto jina lake na kisa chake. Pale mama mmoja alijifungua njiani. Pale fisi alichukua ndama. Tulipumzika mara nne, na kila mara ni yeye aliyesema tupumzike. Sijui kama alikuwa amechoka yeye au alikuwa amemsoma mtoto.

Baada ya karibu saa mbili aliinua fimbo yake akaelekeza. "Unaona minyaa ile?"

Ulikuwa mstari wa minyaa mirefu, umepinda nusu duara, hakuna nyumba ndani yake. Tembe, zile nyumba zetu za zamani za paa tambarare la miti na udongo, huyeyuka na mvua zikiachwa. Boma la minyaa haliyeyuki. Ndani yake tulikuta vigae vya vyungu, na jiwe la kusagia lililolika katikati kama bakuli.

Mtoto alinyoosha mkono kuvunja tawi, bibi akamshika. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni huunguza vibaya, na unaweza kudhuru uwezo wa kuona. Ikitokea, jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Mikono nayo ioshwe kabla ya kugusa uso. Boma nyingi za Singida zina minyaa, basi mfundishe mtoto mapema.

Bibi aliketi juu ya jiwe la kusagia, alilolitumia akiwa mama kijana.

"Siku tunahama," alimwambia mtoto, "babu yako alikuwa na miaka sita. Alitembea kutoka hapa mpaka kule tulipo sasa. Alibeba kuku mmoja, kamkumbatia hivi. Hakupumzika mara nne."

Mtoto aliuliza, "Alilia?"

"Alilia mwanzoni. Baadaye kuku akataga mkononi mwake, akaacha kulia."

Tulicheka wote. Kisha mtoto akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. "Sasa kama alikuwa na nguvu hivyo, kwa nini alikufa?"

Bibi alinitazama mimi. Nilimjibu kwa maneno ya miaka tisa. Babu alipokuwa mkubwa alipata kazi ya udereva, akawa anakaa kutwa nzima. Akapata ugonjwa wa presha, ambao hauumi, kwa hiyo akiona nafuu aliacha dawa. Siku moja mshipa wa damu kichwani ukapasuka. Nikamwambia presha hupimwa kwa dakika chache, na dawa zake huendelea hata mtu akijisikia mzima, mpaka daktari aseme vingine.

Alifikiri. "Mama anapima?"

Nilisema nitamuuliza. Nilipomuuliza dada usiku ule, hakuwa amepima tangu alipojifungua. Mimi nami nilikuwa sijapima mwaka mzima, ingawa naandika habari hizi kila wiki. Kama katika familia yenu kuna mzazi aliyepata presha au kiharusi mapema, wewe mkubwa ndiye wa kwanza kupimwa, kabla ya kumhesabia mtoto vitumbua.

Kurudi

Wakati wa kurudi bibi alikaa nyuma. Alimwambia mtoto, "Tangulia wewe."

Aliuvuka mkondo mkavu sawasawa. Aliupata mwamba uliopasuka. Baada ya hapo alikosea, akashika njia ya ng'ombe iliyokuwa ikielekea kwingine. Nilifungua mdomo, bibi akanigusa mkono ninyamaze. Tulimfuata kama dakika tano. Mtoto akasimama, akageuka, akatazama nyuma akautafuta mwamba, akasema, "Hapana. Mkuyu ulikuwa upande ule." Akaturudisha.

Tulifika nyumbani mchana. Alikunywa maji vikombe viwili, akala, akalala fofofo juu ya mkeka. Simu ilikuwa imejaa chaji tangu asubuhi, hakuiulizia hadi jioni.

Sina kilo za kukutajia. Wiki moja haibadili uzito, na hatukumpima. Nilichokiona ni kwamba mtoto aliyeketi baada ya dakika 15 siku ya kwanza, siku ya tano alikwenda na kurudi mahame kwa miguu yake. Dada ameniambia tangu warudi shuleni anashuka kituo kimoja kabla ya nyumbani pamoja na mama yake, wakamalizia kwa miguu. Presha ya dada imepimwa. Ilikuwa juu kidogo, na amepangiwa kurudi kliniki.

Likizo ya Desemba haiko mbali, na Desemba ni mvua, njia zina matope na mito ina maji, hivyo panga matembezi mafupi, na usiku watoto walale ndani ya vyandarua. Lakini kabla ya kukata tiketi, piga simu kijijini uulize swali moja: nani bado anaijua njia ya kwenda mahame, na anaweza kutembea? Huyo mkimpata, mpeni mtoto aongozwe naye. Wewe fuata nyuma ukiwa umebeba maji.

Tukutane wiki ijayo.